Nasoma Kichina mwaka wa pili, nimekwama kuchagua chuo China: Beijing au Jinhua?

Binti_Mbagala

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya waliowahi kwenda China kujifunza lugha, namaanisha lugha yenyewe, sio waliokwenda kusoma udaktari au uinjinia kwa Kiingereza maana nahisi maisha yao ni mengine kabisa.

Nipo mwaka wa pili chuo hapa Dar, nasoma Kichina na Kiingereza. HSK (mtihani wa Kichina kwa wageni) daraja la 3 ninayo, HSK 4 nimefanya juzi juzi nimepita, sio kwa maksi za kutisha ila nimepita. Sasa kuna ule ufadhili wa mwaka mmoja wa lugha tu, unarudi bila digrii, wanalipa ada, bweni, bima na posho yuan 2,500 kwa mwezi, tiketi ya ndege unajitegemea. Mwalimu ananisukuma niombe, na kwenye fomu natakiwa nipange vyuo kuanzia ninachokitaka zaidi, hapo ndo nimeganda.

Cha kwanza kipo Beijing. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko huko anasoma masters na anasema Wabongo wapo wa kutosha, wana grupu lao, wikiendi wanakutana wanasonga ugali, na mama kusikia hivyo basi kwake mjadala umeisha, niende kwa kaka. Cha pili kipo Jinhua, jimbo la Zhejiang, ndo chuo mwenza cha Taasisi ya Confucius (kituo cha kufundisha Kichina) ya UDSM tangu 2013 kwa hiyo walimu wengi tuliowazoea wanatokea huko, lakini huo mji ukiutaja nyumbani hakuna anayeujua.

Shida yangu ni kuongea. Kusoma nasoma, herufi naandika bila kuangalia, ila Mchina akianza kuongea kwa kasi yake ya kawaida nabaki natabasamu tu. Mwalimu wetu anaongea taratibu kwa ajili yetu, namshukuru sana, lakini naona kabisa sikio langu limezoea hiyo taratibu na sitaki nimalize digrii ya Kichina halafu niitwe usaili kwenye kampuni ya Wachina nishindwe kumjibu bosi. Kati ya hizo sehemu mbili ni wapi nitafunguka mdomo mapema? Na hili la kuahirisha mwaka likoje, wenzangu wote watanitangulia kuhitimu, linanikata stimu kidogo. Na hela, hiyo 2,500 inatosha au nitakuwa nampigia mama kila mwisho wa mwezi?

Mkalimani_Kanda_ya_Ziwa

Dada nenda Jinhua. Nimeishi Jinhua, nilienda na HSK 4 kama wewe, saa hizi ni mkalimani kwenye reli kipande cha Mwanza Isaka, na Kichina kinachonilisha leo kidogo sana nilikipata darasani. Nilikipata kwa fundi baiskeli, kwa mama muuza tambi nje ya geti la chuo, na kwa dereva mmoja wa basi aliyekuwa anataka kujua kila kitu kuhusu simba.

Ngoja nikueleze siku inavyokwenda. Ukifika wanakupa mtihani wa kukupanga darasa, na kama wakikuweka darasa ambalo unaona unajua kila kitu usikae kimya, wiki za mwanzo wanaruhusu kuhama, omba upande hata kama utateseka. Vipindi vingi ni asubuhi, mchana umeshamaliza. Kwa hiyo mchana wote na jioni yote ni yako, na mwaka wako wote utategemea huo mchana unaufanyia nini. Nimesoma na watu walikuwa wanatoka darasani moja kwa moja chumbani, wanafungua laptop, wanawasha VPN ya kufungulia mitandao iliyozuiwa kule, wanachati na nyumbani mpaka usiku wa manane, wamerudi Dar na Kichina cha kuagiza chakula. Mji usio na wageni wengi unakusaidia kwa sababu huna pa kukimbilia. Jinhua ni mji mkubwa kwa macho yetu lakini dukani hukuti anayejua Kiingereza, benki hivyo hivyo, hospitali hivyo hivyo, ukitaka chaja ya simu utaiomba kwa Kichina au utakaa simu imezima.

Jioni kwenye viwanja vya wazi utakuta akina mama wa makamo wamefungulia spika wanacheza kwa mistari. Jiunge nao, nakuambia kwa dhati kabisa. Wakishakuzoea watakuuliza unatoka wapi, mnakula nini kwenu, umeolewa, baba anafanya kazi gani analipwa ngapi, wanaongea wote kwa mpigo na hakuna anayepunguza kasi kwa ajili yako. Mwanzoni utadaka neno hapa neno pale, baadae unajikuta unajibu kabla hujafikiria, na hicho ndo unachokitafuta.

Ila jiandae kwa vitu viwili. Wazee wa Zhejiang wana lugha zao za jamii ya Wu ambazo hata Mchina wa Beijing anatoka kapa, kwa hiyo ukisikia mabibi wawili sokoni ukaambulia patupu usivunjike moyo, vijana na wauzaji wote wanaongea Putonghua, yaani Kichina sanifu. La pili baridi. Kaskazini ya mto Huai serikali inapasha joto majumba kwa mabomba kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi, kusini yake hakuna huo mpango, na Jinhua ipo kusini. Beijing nje barafu lakini ndani unakaa na tisheti, Jinhua nje sio baridi ya hivyo ila ndani na nje vinakaribiana, darasani unaandika na koti mwilini.

Mkenya_wa_Tianjin

Hujambo dada. Mimi ni Mkenya, nilianzia Taasisi ya Confucius pale University of Nairobi, ile ya kwanza Afrika, ya 2005. Mwenzake ni chuo cha Tianjin kwa hivyo mimi nilienda upande wa kaskazini.

Kwa heshima nitampinga huyo ndugu kidogo. Mji peke yake haukufundishi kitu. Vyuo vingi vinaweka wageni kwa jengo lao, mbali na wanafunzi Wachina, na huko ndani utasikia Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kiarabu, kila kitu isipokuwa Kichina. Hiyo utaikuta mji mkubwa na utaikuta mji mdogo. Ningekuwa wewe ningeandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni barua pepe sasa hivi kabla ya kujaza fomu, niulize vyumba vinapangwa vipi na kama naweza kuwekwa na mtu ambaye hatuna lugha nyingine ya kuelewana. Mimi niliwekwa na msichana wa Kazakhstan, yeye Kiingereza hana, mimi Kirusi sina. Tuligombana juu ya dirisha kwa Kichina, tukapatana kwa Kichina, tukapika kwa Kichina, akiwa mgonjwa nilimpeleka hospitali nikamwelezea daktari kwa Kichina. Hakuna mwalimu angenipa hiyo.

Na kwa upande wa sikio kaskazini kuna faida yake. Putonghua imejengwa juu ya matamshi ya Beijing, so dereva wa teksi ataongea karibu na kile unasikia kwa rekodi za HSK, ingawa wenyeji wanakunja ulimi mwisho wa maneno mpaka uzoee. Kusini wengi hawatenganishi s na sh, z na zh, kwa hivyo nne na kumi zinaanza kusikika karibu sawa, na kama uko sokoni hiyo ni pesa yako.

Kuna jambo lingine sijaona likisemwa hapa. Beijing kuna Wachina wanasomea Kiswahili chuo kikuu, wamekuwa wakisomea tangu miaka ya 1960, na redio yao ya nje ina idhaa ya Kiswahili tangu 1961. Hao vijana wanatafuta mtu wa kuongea naye vile wewe unatafuta. Mnakaa saa moja Kiswahili, saa moja Kichina, hakuna kulipana. Kutoka Tianjin treni ya kasi ni kama nusu saa, nilikuwa nikienda kuonana na mmoja wao na mpaka leo tunaandikiana, yeye ananisahihisha toni mimi namsahihisha ngeli. Kwa hivyo Beijing usiitupe hivi hivi tu. Lakini kama unaenda Beijing kukaa kwa ndugu na ugali kila wikiendi na grupu la watu wa nyumbani, basi huyo ndugu wa reli amesema ukweli, heri Jinhua.

Mama_Mzigo_Kariakoo

Mwanangu mimi sio msomi, mimi ni mfanyabiashara, mzigo natoa Guangzhou na Yiwu miaka mingi. Nimesoma yote nikaona niseme kama mzazi.

Kwanza mwambie mama hiyo Jinhua isiyojulikana ndo yenye Yiwu ndani yake, Yiwu kiserikali iko chini ya Jinhua, treni ya kasi hata nusu saa haifiki. Na Yiwu Kariakoo nzima inaijua. Misikiti ipo, migahawa ya halali ipo, watu wa kwetu wanapita kila mwezi, kwa hiyo ukipata shida sio kwamba uko peke yako duniani. Mama akijua hilo roho itatulia, mimi nina binti wa umri wako naelewa anachokiogopa sio Jinhua, anaogopa mtoto wake aumwe pasipo na mtu.

Sasa nikuonye. Ukifika pale sisi wenye mizigo tutakutafuta, tena tutakutafuta sana maana Mtanzania anayejua Kichina ni mkombozi wetu, dalali wa Kichina anaweza kuongea na mwenye kiwanda mbele yako wakakupanga bei na wewe unatabasamu. Mtu atakuambia njoo Jumamosi tu unitafsirie nikupe chochote. Usikubali kabla hujawa na karatasi. Viza ya masomo sio ya kazi, mpaka chuo kikuandikie na polisi wa uhamiaji wakuruhusu. Sheria yao ya 2013 inasema faini kuanzia yuan 5,000 mpaka 20,000, na kosa likionekana kubwa wanakuweka ndani siku 5 mpaka 15, na wanaweza kukurudisha kwenu. Hebu piga hesabu, faini ya chini kabisa ni posho yako ya miezi miwili. Nimeshuhudia kijana wa watu anarudishwa na aliyemuita sokoni yuko zake hotelini amelala. Iliniuma sana.

Nenda Yiwu kutembea. Lile soko la jumla la pale lina vibanda zaidi ya 70,000, kaa pembeni sikiliza watu wanavyopatana bei, wanavyobembelezana, wanavyokasirika, hutapata shule nyingine kama hiyo na haina kiingilio. Pesa ndo usipokee.

Na hiyo 2,500 Jinhua inakutosha, bweni si umeshalipiwa, kantini ya chuo sahani ya chakula ni yuan 10 mpaka 15 unashiba. Beijing utabana zaidi.

Binti_Mbagala

Asanteni jamani, sikutegemea majibu ya hivi. Mama nimemsomea ya Mama Mzigo neno kwa neno, amekaa kimya muda, halafu akauliza hiyo treni nusu saa kweli? Nikajua kuna matumaini.

Mkenya, asante kwa hili la chumba, nimeshaandika barua pepe, nimeiandika kwa Kichina nikampa mwalimu aiangalie ndo nikatuma.

Kilichobaki ni chuo changu. Nikienda mwaka mzima hivi masomo ya kule yanahesabiwa huku au narudi naanza pale pale nilipoacha? Na bumu linakuwaje? Kuna mtu kaniambia bora niende semista moja tu nisipoteze mwaka.

Ticha_wa_Lugha

Mdogo wangu hapa naomba usome taratibu kwa sababu nimeona wanafunzi wazuri wakihangaika waliporudi, na wote walihangaika kwa kitu kimoja, waliondoka kwa makubaliano ya mdomo. Mkuu wa idara alisema nenda tutaangalia ukirudi, wakarudi wamekuta mkuu wa idara mwingine.

Mwaka wa lugha usio wa digrii kwa kawaida unakupa cheti cha kuhudhuria na maksi zako, haukupi moja kwa moja krediti za digrii yako ya huku. Kama chuo chako na cha kule wana makubaliano ya kubadilishana wanafunzi ni jambo jingine, hapo baadhi ya kozi zinaweza kuhamishwa, lakini lazima ijulikane mapema ni kozi zipi za kule zinasimama badala ya kozi zipi za huku. Kwa hiyo nenda idarani sasa hivi, omba orodha, omba isainiwe. Kama jibu ni kwamba hakuna kitakachohamishwa basi andika barua ya kuahirisha mwaka, subiri jibu la maandishi, ndo ukate tiketi. Usiondoke kimya kimya ukidhani utaelezea ukirudi, mfumo utakuona mtoro. Bumu usilitegemee kwa mwaka ambao haupo darasani, na pita kwa ofisa mikopo wa chuo kabla hujaondoka uhakikishe utarudishwa kwenye orodha ukirejea.

Kuhusu semista moja, kwa mtu ambaye shida yake ni kuongea mimi siishauri. Mwezi wa kwanza unatafuta laini ya simu, akaunti ya benki, kuunganisha WeChat na Alipay za kuchati na kulipia, kujua kantini. Wa pili unaanza kusikia. Wa tatu unaanza kujibu, halafu mitihani imefika na watu wanafunga kwa ajili ya mwaka mpya wa Kichina. Semista ya pili ndo inayolipa. Tena angalia kalenda, wao wanaanza Septemba na kumaliza Juni au mapema Julai, kwetu tunafungua Oktoba au Novemba, kwa hiyo ukienda mwaka unakosa mwaka mmoja kamili na unarudi una miezi kadhaa ya kupumua, wakati semista moja inaweza kukuharibia semista mbili za huku kwa sababu kozi nyingine zinatolewa mara moja tu kwa mwaka.

Viza. Masomo ya zaidi ya siku 180 ni X1, chini ya hapo ni X2. Kwa X1 utahitaji barua ya udahili na fomu ya JW201 au JW202 kutegemea nani anakulipia, na hizo usiziweke kwenye begi kubwa la kukabidhi uwanja wa ndege, zikae mkononi maana utazihitaji ukifika. Ndani ya siku 30 tangu uingie lazima uombe kibali cha ukaazi polisi. Na popote utakapolala pasipo hoteli, hata ukienda kwa kaka yako Beijing ukalala kwake, unatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Hilo watu wanalidharau sana.

Wenzako kukutangulia, naelewa inavyouma, lakini HSK 5 ina maneno mengi zaidi ya HSK 4 uliyonayo. Ukikaa vizuri mwaka huo unarudi na HSK 5 na HSKK, ule mtihani wa kuongea, na hakuna mwajiri atakayekuuliza ulihitimu mwaka gani. Ila mitihani hiyo ifanye karibu na kurudi, kwa sababu vyuo vya China vinahesabu cheti cha HSK miaka 2 tu na wewe unaweza kutaka masters baadae.

Mkalimani_Kanda_ya_Ziwa

Ticha amemaliza kila kitu upande wa makaratasi. Naongeza jambo moja la mdomo unaloweza kuanza leo hapo hapo Mbagala. Sisi Waswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaipeleka tabia hiyo kwenye Kichina bila kujua, neno la silabi mbili tunalisukuma mwanzoni na toni ya mwisho inakufa. Mchina hakuelewi na wewe unaona umetamka vizuri. Chukua rekodi za HSK 4, sikiliza sentensi moja, jirekodi kwenye simu, zisikilize zote mbili kwa pamoja, rudia mpaka zilingane. Sentensi, sio neno moja moja. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kihaya una bahati maana lugha hizo zenyewe zinapanda na kushuka, sikio lako limeshafunzwa, likumbushe tu.

Nakubaliana pia na Mkenya kuhusu wanafunzi wa Kiswahili, na sio lazima uishi Beijing kuwapata. Jinhua pale chuoni kuna taasisi ya masomo ya Afrika tangu 2007 na kuna makumbusho ya Afrika, vijana wanaopita hapo wana hamu na watu wetu. Ingia, jitambulishe.

Binti_Mbagala

Nimejaza. Jinhua ya kwanza, Beijing ya pili, mwaka mzima. Mama amekubali kwa sharti kwamba likizo ya mwaka mpya wa Kichina niende kwa kaka Beijing, na mimi nimeona ni sawa kabisa, nitaandikishwa polisi kama ticha alivyosema na nitatafuta hao wanafunzi wa Kiswahili huko huko. Idarani nimepewa miadi Jumanne na barua nimeshaiandika naenda nayo mkononi. Kuhusu chumba wamejibu, wamesema niandike ombi kwenye fomu ya bweni nikishapata barua ya udahili.

Swali la mwisho kwa Mama Mzigo, makoti ya baridi ninunue hapa Kariakoo?

Mama_Mzigo_Kariakoo

Usinunue mwanangu, utajaza begi bure. Septemba Jinhua bado joto kama Dar. Baridi ikianza Novemba panda treni nenda Yiwu, au agiza mtandaoni wanakuletea mpaka bwenini. Kutoka hapa beba dawa zako unazotumia na karatasi ya daktari, viungo vya pilau, na khanga mbili tatu za kuwapa hao akina mama wa uwanjani.